Dhamiri Safi ya Brutus

Hadithi ya sungura aliyezirukia ndizi mbivu akazikosa, kisha akaondoka akisema "sizitaki mbichi hizi", tumeisikia sote tangu utotoni. Tunamcheka sungura, tunafunga hadithi, tunakwenda zetu. Lakini hebu tuitazame tena kidogo. Pale mgombani hapakuwa na mtu mwingine. Sungura hakuwa na shahidi wala msikilizaji. Maneno yale aliyasema kwa ajili yake mwenyewe, ili safari ya kurudi nyumbani na tumbo tupu iwe nyepesi. Ndizi zilibaki mbivu vilevile; kilichobadilika ni jina lake tu.

Nimeanza na sungura kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza ni la kila siku. Mtu anaamini hivi, anatenda vile. Anaishije na hali hiyo? Jibu jepesi ni kusema kwamba mtu huyo ni mnafiki. Mimi jibu hilo haliniridhishi. Mnafiki anajua anachofanya. Usiku akishazima taa, anajua kwamba mchana alivaa sura isiyo yake. Lakini watu walio wengi, ambao imani yao na mwenendo wao havipatani, hawajui lolote la namna hiyo. Wanalala usingizi mzuri. Swali la maana, basi, ni hili: usingizi huo wameupataje?

Katika vitabu nilivyopata kusoma na kufundisha, sijaona kinacholijibu swali hilo vizuri kuliko Juliasi Kaizari, tamthiliya ya Shakespeare iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Nyerere. Tafsiri hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, Mwalimu akiwa tayari ni Rais wa Tanganyika; akaipitia upya, ikatoka tena mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Shuleni, kwa kawaida, mchezo huu hufundishwa hivi: Brutus ni mwadilifu aliyeipenda nchi yake, Cassius ni mwenye kijicho, Antony ni mwenye ulimi wa asali, mwadilifu akakosea hesabu zake za siasa, akashindwa. Mwanafunzi akiandika hivyo hupata alama zake, na wala hajaandika uongo. Lakini maelezo hayo yanaishia mlangoni, hayaingii ndani. Kwa maoni yangu, hii si habari ya mtu mwema aliyeshindwa na watu wabaya. Ni habari ya namna mtu mwema anavyoipatanisha imani yake na kitendo chake, hatua kwa hatua, na namna upatanisho huo unavyomponza yeye na wenzake. Zipo njia tatu anazozitumia, nasi tuzifuate moja moja.

Njia ya kwanza ni kubadili jina la kitendo. Tunamkuta Brutus bustanini kwake usiku, peke yake, akiwaza. Mwalimu makini amwombe mwanafunzi atazame mpangilio wa mawazo yale, kwa maana yako kichwa chini miguu juu. Brutus anaanza na hukumu: Kaizari hana budi kufa. Sababu anazitafuta baadaye. Na anapozitafuta hazioni. Anakiri kwamba yeye binafsi hana ugomvi na Kaizari, na kwamba hajapata kuona tamaa za Kaizari zikiishinda akili yake. Basi anafanya nini? Anaacha kumhukumu Kaizari aliyepo, anamhukumu Kaizari atakayekuwapo. Anamfananisha na yai la nyoka, ambalo hupondwa kabla halijaanguliwa. Hapo mtu mwenye kosa la kubuni amekwisha kupata adhabu ya kweli.

Baadaye, wenzake wakishafika nyumbani kwake, Brutus anatia muhuri kazi hiyo. Anawasihi wauone mpango wao kuwa ni kafara, wala si uchinjaji; wawe kama makuhani, si kama wauza nyama. Tazama vizuri kilichotokea. Kisu ni kilekile, kifua ni kilekile, damu itamwagika ileile. Jina tu ndilo jipya. Lakini kwa jina hilo Brutus ameipata amani aliyokuwa akiitafuta bustanini.

Sasa, watu hudhani kwamba jina la kujifariji halina madhara, ni maneno tu. Shakespeare anatuonyesha kwamba lina madhara makubwa. Cassius anataka Antony auawe pia. Brutus anakataa, kwa kuwa kafara ni mmoja. Ukiongeza wa pili, si kafara tena, ni mauaji. Kaizari akishauawa, Antony anaomba ruhusa ya kuzungumza mazikoni. Cassius anamwonya Brutus asikubali. Brutus anakubali, maana aliyetoa kafara hana la kuficha. Kwa hiyo makosa yake mawili makubwa hayakutokana na upungufu wa akili. Yametokana na jina lile. Alilitunga ili limtumikie, mwishowe akawa yeye ndiye mtumishi wake. Na angalia Antony anavyofanya mara tu anapoachwa peke yake na maiti. Neno analowaitia wauaji wale ni wachinjaji, neno lilelile alilolikataa Brutus. Mshairi hakuliweka pale kwa bahati.

Sisi nasi tunaijua njia hii. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa, na vitu ambavyo mgombea akimpa mpiga kura tungeviita hongo, vikapewa mlango wa kupitia kwa jina la takrima. Takrima ni neno zuri; ni ukarimu, ni heshima kwa mgeni, nani atalipinga? Ilibidi tungoje mpaka mwaka 2006, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba vifungu vile vilikuwa kinyume cha Katiba. Katika miaka hiyo, naamini, si kila aliyegawa chakula na kanga alikuwa mnafiki. Wengine walijiona wakarimu kwelikweli. Jina lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kwa nini Brutus, na si Cassius, ndiye anayehangaika kutafuta jina? Swali hili lilinisumbua muda mrefu, na msaada niliupata nje ya fasihi, katika elimu ya saikolojia. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Leon Festinger aliandika kitabu mwaka 1957 akieleza kwamba mtu hawezi kukaa raha na mawazo mawili yanayopingana ndani yake. Atatafuta namna ya kuyapatanisha, kama vile mwenye njaa anavyotafuta chakula. Mwaka 1959 yeye na mwenzake James Carlsmith walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kila mwanafunzi alipewa kazi ya kuchosha muda wa saa nzima, kama kugeuza vigingi vidogo ubaoni, kimoja kimoja, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Baadaye baadhi yao waliombwa wamwambie mwenzao anayengoja kwamba kazi ile inapendeza. Wengine walilipwa dola 20 kwa uongo huo, wengine dola 1 tu. Mwishoni wote waliulizwa wao wenyewe waliionaje kazi. Tungetarajia waliolipwa vizuri ndio waisifu. Ikawa kinyume. Waliopewa dola 1 ndio waliosema kwamba kazi ilikuwa na raha yake.

Sababu yake ni nini? Aliyepewa dola 20 alikuwa na jibu tayari: nimesema uongo kwa ajili ya fedha. Imani yake juu ya kazi ile haikuguswa. Aliyepewa dola 1 hakuwa na jibu hilo. Dola 1 haitoshi kuwa sababu ya kumdanganya mwenzako. Basi ikambidi auamini uongo wake.

Rudi sasa katika mchezo wetu. Cassius ni mtu wa dola 20. Anamchukia Kaizari, anamwonea wivu, anakumbuka siku alipomwokoa mtoni asizame. Akimuua, anayo sababu yake mfukoni, wala hahitaji kuiita kafara. Brutus ni mtu wa dola 1. Hapati cheo, hapati mali, anampoteza rafiki. Kwa kuwa hana faida anayoweza kuitaja, hana budi kuamini, na kuamini kabisa, bila kubakiza nafasi ya shaka. Hili ndilo ninaloliona kuwa fundisho kuu la tamthiliya hii, nalo ni chungu: usafi wa nia haumkingi mtu na kujidanganya. Waweza hata kuwa ndio unaomsukuma huko. Mwizi ana faida ya wizi wake. Mwadilifu anayetenda ubaya hana chochote ila maelezo yake, kwa hiyo huyashika kwa mikono miwili.

Njia ya pili ni kuutumia mkono wa mtu mwingine. Twende kwenye hema la Brutus karibu na Sardis, vita vimekaribia. Brutus na Cassius wanagombana vikali. Brutus amemwadhibu ofisa mmoja aliyepokea rushwa. Cassius alimtetea, na Brutus anamwambia usoni kwamba hata yeye ana kiganja kinachowasha. Anamkumbusha kwamba Kaizari aliuawa kwa ajili ya haki. Je, sisi tuliomuua tuchafue vidole vyetu kwa hongo? Maneno mazito, na msomaji anatikisa kichwa kwa kukubali. Lakini endelea kusoma mistari michache tu. Malalamiko yanayofuata ya Brutus ni yapi? Kwamba alituma watu kwa Cassius kuomba dhahabu ya kuwalipa askari wake, akanyimwa! Na kwa nini aliomba? Kwa sababu yeye hawezi kupata fedha kwa njia chafu. Hawezi kuwakamua wakulima vijisenti vyao. Basi fedha za Cassius zilitoka wapi? Brutus hamwulizi. Fedha chafu asingeweza kuzichuma, lakini zikishachumwa na mwingine angeweza kuzitumia, na akinyimwa anakasirika. Sijui mahali pengine katika fasihi ambapo mtu amevuliwa nguo kwa upole kiasi hiki.

Brutus wa historia alifanya makubwa zaidi ya huyu wa jukwaani. Habari zake tunazipata katika barua za Cicero, aliyekuwa gavana wa Kilikia, jimbo lililojumuisha Kupro, mwaka 51 hadi 50 K.K. Mji wa Salamis, Kupro, ulikuwa umekopeshwa fedha kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka, ambapo Cicero aliruhusu asilimia 12 tu katika jimbo lake. Wakala wa mkopo huo, mtu aitwaye Scaptius, aliwahi kupewa askari wa farasi, akawazingira madiwani wa mji ndani ya baraza lao mpaka watano wakafa kwa njaa. Baadaye Cicero akagundua kwamba mwenye fedha hasa hakuwa Scaptius. Alikuwa Brutus, yule aliyesifika Rumi nzima kwa uadilifu, na ambaye aliandika kitabu juu ya wema. Na Cicero mwenyewe, baada ya kushtuka, hakuikata kesi ile. Aliiacha kiporo kwa gavana atakayemfuata. Mkono wa mwingine tena.

Waandishi wa Azimio la Arusha, mwaka 1967, waliifahamu njia hii. Masharti ya uongozi yalikataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Lakini hawakuishia hapo. Walieleza pia kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mke wake, au mke pamoja na mumewe. Sentensi hiyo fupi inaonyesha kwamba walimjua binadamu. Walijua kwamba mkono wa kulia ukifungwa, nyumba hujengwa kwa mkono wa kushoto.

Na tusidhani kwamba haya ni ya wakubwa peke yao. Katika miaka yangu ya ualimu niliwaona walimu wapole waliosema kwa moyo wote kwamba kiboko hakifundishi. Kwa kweli hawakumchapa mtoto hata siku moja. Waliandika tu majina ya wachelewaji kwenye karatasi, wakaipeleka karatasi kwa mwalimu wa zamu, wakarudi ofisini kusahihisha madaftari. Karatasi haina damu.

Njia ya tatu ni ya hila zaidi kuliko zote, nayo ni kuiacha imani mahali pake, imesimama wima, huku mtu akipita pembeni yake. Siku ya vita vya Philippi, mwaka 42 K.K., Cassius anamwuliza Brutus atafanya nini wakishindwa. Brutus anajibu kwa kanuni ya falsafa yake: alimlaumu Cato kwa kujiua, ni woga mtu kukatisha maisha yake kwa kuogopa yajayo, yeye atajivika saburi. Cassius anamwuliza tena: basi uko radhi kutembezwa mateka katika njia za Rumi? La hasha, anasema Brutus, Brutus hatakwenda Rumi amefungwa. Kauli mbili, dakika moja, mdomo mmoja. Jioni yake anaukimbilia upanga wake. Hasemi popote kwamba kanuni ile ameiacha.

Hapo pana jambo la kupendeza kwa mwenye kupenda kulinganisha maandiko. Habari hizi Shakespeare alizitoa kwa Plutarch, Mgiriki wa kale, katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka mwaka 1579. Kwa Plutarch, Brutus anajibu swali lilelile kwa namna nyingine. Anasema kwamba alipokuwa kijana alimlaumu Cato, lakini sasa, akiwa katikati ya hatari, mawazo yake ni mengine. Yaani anakiri wazi: nimebadilika. Shakespeare alikiona kipande hicho, akakiacha. Kwa kukiacha akatupa Brutus mwingine, ambaye hawezi kusema neno nimebadilika, kwa sababu amejengwa juu ya sifa ya kutobadilika. Mtu ninayemheshimu zaidi ni yule wa Plutarch. Ninayemfahamu zaidi, kwa kumwona kila siku, ni yule wa Shakespeare.

Nchi nazo huweza kupita njia hii. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi niliyoyataja. Mwanachama akaruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupokea mshahara zaidi ya mmoja. Pengine ilikuwa sawa. Nyakati zilikuwa ngumu, na mshahara wa mtumishi haukufika hata katikati ya mwezi. Sibishani na uamuzi. Ninalolitazama ni maneno. Ibara ya 3 ya Katiba yetu inaendelea kuieleza nchi hii kuwa ya kijamaa. Kanuni imeachwa mahali pake, imesimama wima, nasi tunapita pembeni. Kijana anayeisoma Katiba leo, kisha akatazama dirishani, atajifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumfundisha: kwamba maneno makubwa si ya kutendewa kazi.

Msomaji mwingine atanipinga. Atasema ninamwonea Brutus. Kwamba hata Antony, adui yake, anamsifu mwishoni kuwa mwungwana kuliko Warumi wote, kwa kuwa wengine waliua kwa wivu na yeye peke yake kwa ajili ya wote. Nakubali. Sifa ile ni ya kweli, wala sitaki kumshusha Brutus awe sawa na Cassius. Nakwenda mbali zaidi: maumivu yake ya bustanini ni ushahidi wa wema wake. Mtu asiyeamini kitu hana cha kupatanisha; hulala bila kuhitaji maelezo. Kosa la Brutus si kuumwa. Kosa ni dawa aliyoichagua.

Maana iko dawa nyingine, ambayo haimo katika mchezo: kuacha imani ilivyo na kubadili mwenendo. Mwaka 1966, mwezi Oktoba, wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wakagusia mishahara minono ya viongozi. Mwalimu Nyerere alikasirika. Lakini katika hasira ileile alikubali kwamba mishahara ilikuwa mikubwa mno, pamoja na wake, akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Ni kweli pia kwamba wanafunzi hao aliwafukuza chuoni, na jambo hilo linastahili kuhukumiwa kivyake. Hata hivyo, palipokuwa na pengo kati ya neno na kitendo, kilichosogezwa safari ile kilikuwa kitendo.

Kwa hiyo walimu wanaoendelea kuufundisha mchezo huu nawashauri waliache kidogo lile swali la zamani, kama Brutus alikuwa na haki ya kumuua Kaizari. Wanafunzi watagawanyika pande mbili, watapigana kwa hoja mpaka kengele ilie, na kila mmoja atatoka na maoni aliyoingia nayo. Wawaulize badala yake: jina la kitendo kile alilitoa nani? Aliyetenda aliliita kafara. Aliyetendewa alikuwa amelala sakafuni, hawezi kusema, mpaka Antony alipoinama akasema kwa niaba yake. Madiwani watano wa Salamis nao hawakuulizwa mkopo ule waliuitaje. Mtoto aliyechapwa kwa ajili ya jina lililoandikwa kwenye karatasi hajali mwandiko ulikuwa wa nani.

Dhamiri ya mtu ni shahidi mwema, lakini ni shahidi anayeishi nyumba moja na mshtakiwa na kula naye sahani moja. Tukitaka kujua tumetenda nini, tumwulize kwanza aliyetendewa, na neno atakalolitumia tusiwe wepesi kulibadilisha.